Mganga Nguchiro na Pua Yake

Nguchiro alikuwa mganga wa waraibu, na kipimo chake kilikuwa pua. Alinusa mdomo wa mgonjwa. Ukinuka pombe au tumbaku, alimkalisha kwenye mkeka wa matibabu. Usiponuka, alimrudisha nyumbani.

Siku moja Bi Muhanga alimleta mumewe, makucha yamejaa udongo.

"Mganga, huyu hawezi kuacha kuchimba. Mchwa tumeshiba, bado anachimba! Jana kachimba chini ya jiko, chungu cha maharage kikatumbukia."

"Lilikuwa shimo moja tu," Muhanga alijitetea.

Nguchiro akamnusa mdomo. "Hakuna kitu. Huyu si mraibu."

"Mganga, usiulize anameza nini," alisema Bi Muhanga. "Uliza anashindwa kuacha nini, hata kikimharibia."

Nguchiro hakusikia. Alikuwa ameshaanza kumnusa Bi Muhanga mwenyewe, kisha akanusa mkeka, kisha mlango. Hapo mkewe akaingia akihema.

"Baba Chausiku! Harusi ya binti yako inakusubiri tangu asubuhi. Hii ni mara ya tatu nakuita!"

"Nakuja, mke wangu. Acha ninuse mmoja tu."

Muhanga akaangua kicheko. Akaketi kwenye mkeka, akasogea kando na kupigapiga nafasi iliyobaki. "Mmoja tu? Karibu, mwenzangu."

Nguchiro naye akacheka mpaka akaketi.

Wakaenda harusini wote wanne: Bi Muhanga kamshika mumewe makucha, Mama Chausiku kamshika wake pua.