Simu ya Jikoni

Fundi alipokaza skrubu ya mwisho, Gentrix alishusha pumzi. Hoteli yake sasa ilikuwa na simu tatu: moja kaunta kwa mumewe, moja jikoni kwa mama yake, na moja mezani pake hapo katikati.

Miaka sita miguu yake haikupumzika. Kwa desturi mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani, kwa hiyo kila neno na kila sahani ilipitia mikononi mwa Gentrix.

Simu ya jikoni ikalia. Mama akapangusa unga vidoleni, akaishika kwa mikono miwili kama yai.

"Mama, hujambo? Ni mimi mkweo," mumewe akasema kutoka kaunta.

"Sijambo, baba! Sasa niambie mwenyewe. Zile firigisi ninazokutumianga kila Jumapili, heshima yako ya ukwe, huwa zimeiva?"

Zimeiva sana, Gentrix nusura ajibu.

"Firigisi gani, mama?"

Gentrix akainuka polepole. Kisha kicheko kikapasuka jikoni, na kingine kikakijibu kaunta.

Gentrix alikuwa ameshanyakua kibeti, ananyata kuelekea mlangoni, simu ya mezani pake ilipolia.