Zamu ya Kuwaombea Wenye Mali

"Tuwaombee nani?" Mzee Anyitike aliacha kugeuza kakao juu ya mkeka.

"Wakristo wa mali, tata," alisema Kisa, katibu wa jumuiya yao hapo Talatala. "Mchungaji kasema Jumapili ni zamu yetu, na mwenye sauti ni wewe."

"Wana shida gani hao?"

"Ni wachache, wamezungukwa na Waislamu kila upande. Hata usingizi hawapati."

Anyitike alicheka, cheko lenye nyongo. Wachache! Kanisani kwao alikuwa mmoja tu: Mzee Hezroni, mzee wa kanisa, mwenye pikapu, mwenye ghorofa mjini Kyela katikati ya duka la Mansuri na duka la Abdallah. Ukuta, mbwa, na mlinzi juu yake. Kumbe wakubwa wameishiwa aibu kiasi hiki, mpaka maskini amwombee tajiri alale vizuri!

Siku mkewe Atupele alipozidiwa na ugonjwa, pikapu ile ilikuwa kivulini. Hezroni alisema gari linapumzika. Aliyembeba mgonjwa ni Mansuri, Muislamu, kwa bajaji yake ya kubebea sabuni. Walipofika hospitali, Atupele alikuwa ameshakata roho.

"Nitaomba," alisema Anyitike. "Nitawaombea mpaka wasikie."

"Tata, ya Hezroni yaache nyumbani. Ukivuruga ibada watakutenga, na aliyetengwa hazikwi makaburi ya kanisa. Nafasi yako pale ubavuni kwa mama watapanda migomba."

Hilo lilimchoma. Nafasi ile alikuwa akiipalilia mwenyewe kila Jumamosi.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa. Kando ya mchungaji alikaa mama mmoja mgeni, gauni pana linalong'aa, kilemba kama mnara. Mchungaji alikuwa amesema atamtambulisha baada ya maombi. Anyitike hakuhitaji kutambulishiwa. Mwenye mali mwingine huyo, kaletwa aje aombewe ana kwa ana. Mara Hezroni naye akaingia, amechelewa kama kawaida ya wenye magari, funguo zikilia kidoleni.

"Ee Bwana," Anyitike alianza, "wakristo wa mali unawaona. Ni wachache, wamejificha nyuma ya kuta, mlango ukigongwa wanatetemeka. Sitaji mtu, Bwana. Nina mahali pangu pa kuzikwa."

Watu wakaguna. Mchungaji alikuwa akimnong'oneza mgeni sikioni. Wananisengenya, aliwaza Anyitike, akapandisha sauti.

"Watoe katika mali, kama ulivyowatoa Waisraeli Misri! Watoe leo, Bwana! Asibaki hata mmoja! Watembee kwa miguu, jua liwawakie, ila wafike kwako wazima!"

"Amina!" kanisa zima liliitikia.

Mgeni alikuwa akilia kwa kwikwi. Na Hezroni, jasho likimtiririka shingoni, aliinuka, akajikokota hadi mbele, akatumbukiza funguo za pikapu kwenye kapu la sadaka.

"Nimesikia, Bwana," alisema.

Anyitike alitazama dirishani, upande wa makaburi. "Umeona, Atupele?"

Kabla hajarudi kuketi, mgeni alimkumbatia, akimwaga maneno ambayo si Kiswahili wala Kinyakyusa. Mchungaji akashika kipaza sauti, macho yake yamelowa.

"Wapendwa, huyu ni dada yetu Marta. Ametoka Mali, ile nchi ya jangwa kule Afrika Magharibi, na ndugu zake bado wako huko. Anasema kote alikopita, hajamsikia mtu akiwaombea Wakristo wa Mali kwa uchungu namna hii."

Mzee Hezroni alikuwa ameshafika tena kwenye kapu, mkono umezama mpaka kiwiko, akipapasa.