Maneno Kumi kwa Wiki

Ilimchukua Mellen siku mbili kuipata herufi g ya mtoto wake, ile yenye mkia mrefu uliojikunja. Mtoto mwenyewe alikuwa mochari, Migori, na asingeweza kumwonyesha.

Valentine alifukiwa na udongo kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder, Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Siku za kazi alifundisha chekechea. Jumamosi alichekecha mchanga wa dhahabu ili mdogo wake, Risper, asifukuzwe shule. Ukingo wa shimo ulikatika akiwa ameinama, na walipomtoa ilikuwa jioni.

Siku chache kabla ya hapo, Risper alikuwa amerudi bwenini, upande wa Rangwe, kwa muhula wa mwisho wa Kidato cha Nne. Mellen alikaa na shemeji yake Oyaro, ndugu wa marehemu mumewe, wakaamua kama wengi wanavyoamua kwetu: mtahiniwa haambiwi. Maiti ingengoja mpaka karatasi ya mwisho ya mtihani. Mwalimu Susana wa bwenini aliombwa anyamaze, naye akakubali.

Hayo yote yangewezekana bila taabu, kama si zile orodha.

Kila wiki Valentine alimpelekea mdogo wake karatasi. Juu aliandika neno moja jepesi la Kiingereza, na chini yake maneno kumi mazito yenye maana hiyohiyo. Risper alitunga sentensi kumi, akairudisha karatasi na neno alilotaka wiki inayofuata. Valentine aliwahi kukosa nafasi ya kusomea uuguzi kwa sababu ya gredi ya Kiingereza, akaapa kwamba Risper hatakosa. Orodha zikikatika, Risper angeuliza. Akishajua, mtihani umekwenda, na uuguzi umekwenda nao.

Basi Mellen, muuza omena aliyeishia darasa la saba, alifungua sanduku la Valentine, akatoa kamusi ya visawe, akaketi mezani. Alianza na 'tired', neno ambalo Risper alikuwa ameliomba tayari. Aliandika 'exhausted' mara sita kabla halijakaa sawa. Alipofika chini kabisa, kwenye "Soma kwa bidii. Dada yako, Vale," alilia, huku ameisukuma karatasi mbali ili wino usilowe.

Karatasi ilirudi kupitia kwa Mwalimu Susana, na sentensi kumi safi. Mwishoni Risper alikuwa ameandika: "Wiki ijayo naomba 'kind'."

Mellen akapeleka 'kind'. Kisha mtoto akaomba 'generous'. Kisha 'brave'. Kisha 'hardworking'. Wenzake sokoni walimsikia akiyanong'ona yale maneno huku akipima omena, 'benevolent', 'compassionate', wakatazamana na kutikisa vichwa. Walidhani msiba umempanda kichwani. Hawakukosea sana.

Wiki ya sita Oyaro alikuja nyumbani, akamwita kwa Kijaluo, mama wa Vale.

"Min Vale, watu wanaongea. Huyu mtoto amekaa kwa baridi sana."

"Risper hajamaliza."

"Na huyu je? Huyu si mtoto?"

Mellen alimchukia siku hiyo kwa sababu alisema kweli. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuacha kwenda mochari, maana kila akitoka huko mwandiko haukuwa wa Valentine tena.

Siku ya maombi ya watahiniwa, alivaa gauni la manjano, akajipaka mafuta uso ukang'aa, akaenda Rangwe. Uongo wake alikuwa ameuandaa tangu juzi: Vale ana homa, na homa ikikataliwa, basi Vale ameitwa semina Ntimaru. Risper alimkumbatia muda mrefu. Alimuuliza kama anakula. Alimuuliza kama analala. Risper mwenyewe ndiye aliyekuwa amekonda mpaka sketi imefungwa kwa pini.

"Ni mtihani tu, Mama," alisema. "Usijali."

Kengele ya chakula ikalia, na wazazi wakaagwa. Mellen alirudi nyumbani na uongo wake wote, hajautumia hata mmoja, akimshukuru Mungu.

Novemba ikafika. Karatasi za Kiingereza zilikwisha, zikabaki za sayansi. Hata hivyo Mwalimu Susana alileta ombi jingine: "Naomba moja ya mwisho, 'grateful'." Mellen alishangaa. Akadhani ni mazoea tu, na akaandika. Siku hizo mkono ulikuwa ukienda wenyewe.

Siku ya kufunga mtihani, alisimama langoni na Oyaro. Njia nzima alikuwa ametafuta namna ya kuanza na hakuipata. Wasichana walitoka wakiimba, wakirushiana unga. Risper alitoka nyuma yao, peke yake, akikokota sanduku. Mellen alimwendea.

"Kaa kwanza, mwanangu," alisema. "Kuna kitu nataka kukuambia."

Risper hakukaa. Alifungua sanduku, akatoa kurasa nne zilizobanwa pamoja, Kiingereza kitupu, zimenakiliwa vizuri bila hata neno moja kufutwa. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na jina kamili la Valentine, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya ile Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Ulikuwa wasifu wa kusomwa kaburini, na ndani yake Mellen aliyaona maneno aliyoyaandika yeye: 'benevolent', 'compassionate'.

"Hapa nimeacha nafasi, Mama," alisema, akiweka kidole kwenye mstari wa tatu. "Tunamzika lini?"