Kandambili ya Bi Somoe

Hebu niambie, umewahi kuona kandambili ikawa nyumba? Mafuriko yalipozoa mtaa mzima, afisa mipango alichora mtaa mpya kwa majivu uwanjani, akawaambia wakazi kila mmoja avue kandambili moja, aiweke pale anapotaka kujengewa. Watu wakawa wanarukaruka kwa mguu mmoja kama korongo.

Bi Somoe alitangulizwa kwa uzee wake. Akaiweka yake juu kabisa ya mchoro, upande wa mlimani penye upepo.

"Hongera, bibi! Leo umeukimbia mdomo wa Mashavu," kijana mmoja wa mtaani akamtania.

Mashavu alikuwa jirani yake miaka thelathini, na jua halikuchwa bila wao kurushiana maneno, kama si kuku basi moshi wa jiko. Naye akaiweka yake ya kijani ng'ambo, karibu na kisima.

Bi Somoe akaitazama. Akaisogeza yake kidogo. Akaisogeza tena, akamhamisha hata fundi cherehani, kandambili yake ikasukumwa kando bila hodi.

"Bibi, hasa unataka nini?" afisa akauliza, jasho linamtoka.

"Nataka mlango wangu utazamane na wa yule," akasema Bi Somoe. "Kule juu nitagombana na nani?"