Nyota Zote

Krr. Krr. Krr. Kisu kilikuwa kinaparua viazi mahali fulani karibu, na Mathe Zorobabel, kabla hata hajafungua macho, alikwisha kumdharau mwenye kisu.

"Hii ni chumba ya bagonjwa," alisema. "Hapana jikoni."

Kisu kikanyamaza.

"Pardon, Papa," sauti ikajibu.

Ilitoka kitanda cha kuume, alikolala Malachie, fundi cherehani wa Lubero, ambaye tangu siku ya kwanza alimpa mgongo, blanketi hadi masikioni. Kiharusi kiliwapiga wote wawili wiki ile ile. Zorobabel aliona hata ugonjwa hauna adabu: umeshindwa kutofautisha mtu aliyejaza Butembo vitenge vya makontena na mshona viraka.

Na mshona viraka mwenyewe alikuwa na mdomo. Aliuliza kama Papa amelala vizuri. Alimkumbusha dawa. Jana, Zorobabel alipolalamika kwamba wanamletea nusu sahani kama mfungwa, sauti ile ile ilimwambia kwa upole kwamba chakula bado kiko mu sahani. Zorobabel akaisukuma sahani ikaanguka. Hakuwa amefikia kuhesabiwa viazi na Malachie.

Viazi hivyo, na pijama zilizofuliwa kila asubuhi, bila shaka vilitoka kwa Kitsa, mtoto wa dada yake. Kitsa alikuja mara moja tu, akasimama penye miguu ya kitanda, karatasi mkononi. Karatasi ilisema kwamba kiwanja cha Bulengera, nyumba na vyote vilivyomo, ni vya Kitsa. Jephté, mtoto pekee wa Zorobabel, asingepata hata kitasa cha mlango. Ndiye aliyekataa duka la baba yake akaenda Beni kula vumbi la chaki mbele ya watoto wa watu. Siku kumi na moja baba yuko kitandani, na bwana mwalimu hajakanyaga hospitali.

"Miye siko na mutoto," Zorobabel alitangaza kila asubuhi, chumba kizima kisikie. Hapo hata Malachie alifunga mdomo.

Kilibaki kitu kimoja. Wazee wa ukoo walikataa kutia sahihi mpaka hospitali iandike kwamba kichwa cha Zorobabel bado kinafanya kazi. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuja Godelive, ambaye kazi yake ilikuwa kupima akili za watu waliopigwa na kiharusi. Alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani na faili. Alisimama kati ya vitanda viwili na kumsalimu. Zorobabel alimwangalia kuanzia viatu kwenda juu, na hakufika mbali.

Godelive alimwomba ataje siku ya leo. Akaitaja, akaongeza ya kesho bila kuombwa. Akampa maneno matano ayashike. Zorobabel akayarudisha kwa mpangilio, kisha kinyumenyume, kisha akauliza kama chuo kikuu siku hizi kinafundisha michezo ya maternelle, ya watoto wa chekechea. Akaambiwa atoe saba kwenye mia, na saba tena, na tena. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa; alishuka kama gari lisilo na breki hadi Godelive akamwomba atosheke.

"Nilianza kuhesabu makontena mbele mama yako hajakuzala, mademoiselle."

"Naona, Papa. Inabakia moja tu."

Akaweka karatasi mbele yake. Ilikuwa imejaa nyota, kubwa na ndogo, zimetapakaa ukurasa mzima. Akate kwa mstari wa kalamu nyota ndogo zote, alisema, na asiwe na haraka.

Zorobabel alikuwa na haraka. Alikata, akakata, akatupa kalamu juu ya blanketi, karibu na mkono wa kushoto uliokuwa umelala pale kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine.

"Zote," alisema. "Sasa andika. Kitsa anangojea."

Godelive aliangalia karatasi. Nusu ya kuume haikubakiwa na nyota ndogo hata moja. Nusu ya kushoto zilikuwepo zote, safi, hakuna iliyoguswa.

Akainua macho polepole. Akaangalia sahani juu ya meza ndogo, imeliwa upande mmoja tu, kama imepigwa mstari. Kisha akaangalia ng'ambo ya bega la kushoto la Zorobabel, na macho yake yakakaa huko muda mrefu.

"Papa, nani anakusemeshaka mu hii chumba?"

"Si ni huyu Malachie. Kinywa yake haifungikake."

"Malachie hajasema neno hata moja tangu AVC, hii kiharusi, imupige," Godelive akasema. "Ilikata sauti yake yote. Weye, Papa, ilikukatia upande yote ya kushoto."

Zorobabel akacheka. Msichana huyu ndiye wa kupimwa kichwa.

Godelive alifunga kalamu yake bila kuandika kitu. Akainama, akafungua breki za magurudumu, akakizungusha kitanda taratibu mpaka kichwa kikawa kulikokuwa na miguu. Chumba kikageuka. Likatokea dirisha, dirisha ambalo Zorobabel angeapa mbele ya Mungu kwamba halikuwepo. Chini ya dirisha palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda alikaa mtu mwenye ndevu za siku kumi na moja, pijama iliyofuliwa begani, kiazi mkono mmoja, kisu mkono mwingine.

"Nilizania hautaki kuniona, Papa," Jephté akasema, kwa sauti ile ya Malachie. "Kuanzia leo nitaikalaka upande huu."