Mwali wa Kushoto

Hakuna mgonjwa wa uongo aliyewahi kumdanganya Bwana Kitojo; mwenyewe ndiye aliyesema. Ndiyo maana alimsindikiza Mbwiga, fundi wake aliyelia kiuno, hadi chumba cha ultrasaundi, barua ya kumfukuza kazi ikichungulia mfukoni mwa shati.

"Kanywa chupa nzima ya maji, sasa anagalagala," alimnong'oneza mpimaji. "Sinema hiyo, dada."

"Mimi ndiye niliyemwambia anywe, kibofu kijae," alijibu Bi Zamda, akawasha rangi za Dopla, zinazoonyesha majimaji yanayokwenda mwilini. "Tazama. Figo ikishusha mkojo, hapa kibofuni unaruka mwali kama wa moto."

Kulia mwali mwekundu uliruka, ukazima, ukaruka tena. Kushoto giza.

"Mashine mbovu," alisema Kitojo.

"Mbona kulia inaona?"

Walingoja dakika tano. Kushoto giza.

"Mrija wa figo ya kushoto umeziba," Bi Zamda alisema, akinyakua simu. "Daktari auzibue leo hii, la sivyo figo inakufa."

"Si nilisema tangu asubuhi?" Kitojo alidakia. "Huyu mtu anaumwa!"

Mbwiga alifumbua jicho moja. "Basi nisomee hiyo barua, bosi. Jina langu naliona kutoka hapa."

Kitojo alifunika mfuko kwa kiganja. Kwenye skrini, mwali wa kulia uliruka peke yake.