Mjomba Haamini

Mvua haikuwa imenyesha hata tone, lakini bafuni kwa mama maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la kutolea maji machafu, yanatambaa taratibu kuelekea sebuleni. Mama alilowesha tambara, akalipaka sabuni. Sabuni ikakataa kutoa povu.

"Ni ya chumvi," alisema binti yake, mtafiti wa tabianchi, huku akikunja suruali. "Bahari ikijaa inarudi kwa njia ya mabomba."

"Basi mwambie mjomba wako ajenge huo ukuta wa kuzuia bahari. Si ndiye mwenyekiti wa kamati ya mji?"

"Mjomba haamini, mama. Ni kichwa ngumu."

"Usimseme vibaya kaka yangu. Bila yeye ningekuwa bado nahangaika na nyumba za kupanga."

Kwamba mjomba haamini, mji mzima ulijua. Miaka michache nyuma, kabla hajayatoa hadharani matokeo ya utafiti wake kuhusu bahari kupanda, binti alikwenda kuyafanyia mazoezi nyumbani kwa mjomba, wakati wa chakula. Mjomba ni mbishi wa kuzaliwa. Binti alidhani akimweza huyo, wengine watakuwa mchezo tu. Mjomba alikula, akasikiliza, akacheka mpaka akapaliwa. Tangu hapo hakukosa utani: eti mpwa wake anaichukua bahari vipimo kama fundi cherehani.

Siku hiyo ya maji bafuni, binti aliingia kikao cha kamati na viatu vilivyolowa. Aliongea bila karatasi. Usawa wa maji bandarini unapanda. Hewa ukaa inayoongezeka angani ina alama ya makaa ya mawe na mafuta, si ya volkano.

"Na jua?" mjomba aliuliza, macho nusu yamefumba. "Jua halina kosa?"

"Lingekuwa jua, anga lingepata joto juu na chini. Sasa huku chini joto linazidi, kule juu kabisa kunapoa. Kama mtu aliyejifunika blanketi, mjomba. Joto linabaki ndani."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alianza kuinua mkono, lakini mjomba aligonga meza. Ukuta wa mtaa wa chini, anakoishi mama, hautajengwa. Fedha ziende kwenye barabara ya mlimani, anakoishi yeye siku hizi. Kikao kimefungwa.

Binti alimfuata hadi ofisini. Akafunga mlango.

"Mjomba, yule ni dada yako. Kila alichoachiwa na marehemu baba yangu amekitia kwenye ile nyumba, na hakuna mtu wa kuinunua tena. Maji makubwa yakija usiku yatamkuta kitandani." Sauti ilimtetemeka, wala hakujali. "Niambie ni wapi hujaelewa. Nitaeleza upya, hata kutwa nzima, mpaka uamini."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Alionekana mzee kuliko alivyokuwa kikaoni, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Ulieleza vizuri sana, mwanangu. Nilikuamini siku ile ile, pale mezani," alisema. "Unadhani ni kwa nini wiki iliyofuata nilimuuzia mama yako ile nyumba?"